Muulize Fundi: Paneli haikuwaka kwenye kiberiti. Je, itazuia moto?

Shikamoo mzee. Najenga ghala la magodoro, na ukuta wake mmoja utatazamana na karakana ya mbao ya jirani. Muuzaji wa paneli za sandwichi aliniletea kipande cha mfano: mabati mawili, katikati povu jeupe. Akawasha kiberiti cha gesi, akakiweka chini ya kile kipande kwa muda, hakikuwaka. Akaniambia hiyo ni paneli ya kuzuia moto, daraja B, nilale usingizi. Ninunue?
*Mwenye ghala*

Marahaba mwanangu. Usitoe hela kwanza. Huo mchezo wa kiberiti naujua, na huyo muuzaji pengine wala hakudanganyi kwa kusudi. Naye alionyeshwa hivyo hivyo na aliyemwingiza kazini.

Tuangalie kilichotokea pale mbele ya macho yako. Mwali wa kiberiti ni mdogo. Ukiuweka chini ya bati, chuma hulisambaza lile joto kabla halijajikusanya mahali pamoja. Ukiuweka ubavuni, kwenye povu lenyewe, kuna jambo jingine: povu jeupe la chengachenga, lile tunaloliita EPS, mara nyingi hutiwa dawa ya kupunguza kuwaka, na likiguswa na moto mdogo hujikunyata likaukimbia. Kigeuze kile kipande ukitazame vizuri, utakuta pameingia shimo. Povu halikuwaka kwa sababu halipo tena. Kitu hicho huanza kulainika kwenye nyuzi 100 hivi, joto la maji yanayochemka, na likizidi hapo kinayeyuka.

Sasa lipeleke hilo shimo kwenye ukuta wa ghala zima. Povu likishayeyuka, kati ya bati na bati panabaki uwazi, na uwazi huo unageuka dohani. Moto unapanda humo ndani, unahamia chumba cha pili, na aliye nje anaona bati limesimama, labda rangi imefubaa tu. Gundi inaachia, mabati yanabanduka na kushuka mapande mapande. Wazimamoto wanaliogopa hilo kuliko mwali wenyewe. Mwaka 1993 kiwanda cha kuku mjini Hereford, Uingereza, kiliungua kikiwa kimejengwa ndani kwa paneli zenye povu la aina hii, na wazimamoto 2 walifia humo. Tangu hapo vikosi vya huko vikaanza kuziangalia paneli kwa jicho jingine.

Nije kwenye hiyo "daraja B", maana ndipo watu wengi wanapopotezwa. Kuna maswali mawili, na wauzaji wanayajibu kama vile ni moja.

La kwanza: kitu chenyewe kinauchochea moto kiasi gani? Kwa kanuni za Ulaya, EN 13501-1, majibu yanatoka A1 kushuka hadi F. Ubavuni kunakuwa na herufi mbili: s ya moshi, 1 hadi 3, na d ya matone yanayodondoka yakiwaka, 0 hadi 2. Namba ndogo ndiyo nzuri. Paneli ya pamba ya mawe kwa kawaida hupata A2-s1,d0. Paneli nzuri ya PIR, yaani povu gumu la plastiki, hufika B. Kipimo kikuu cha daraja hilo ni kichomeo cha kilowati 30 kwenye kona ya kuta mbili, moto wa kiasi cha kapu la karatasi linaloungua. Wewe unaweka magodoro mpaka darini.

La pili: ukuta uliokwisha kufungwa utauzuia moto usivuke kwa muda gani? Hilo lina cheti chake, kinachoandikwa EI 30, EI 60, EI 120 na kuendelea. Unajengwa ukuta wa mita 3 kwa 3 mbele ya tanuru, na joto linapandishwa kwa ratiba maalumu: dakika ya 30 limefika nyuzi 842, dakika ya 60 ni 945, dakika ya 120 ni 1,049. E maana yake mwali na hewa ya moto havipenyi. Wapimaji huchukua kitambaa cha pamba wakakisogeza kwenye kila ufa upande wa pili, na kikishika moto, mtihani umekwisha. I maana yake upande wa pili haupati joto la kuwasha kitu: wastani usipande zaidi ya nyuzi 140 juu ya ulivyoanza, na hakuna sehemu hata moja inayoruhusiwa kupita 180.

Utaona jinsi majibu yanavyoweza kupishana. Bati tupu la chuma haliungui kamwe, lakini egemeza godoro upande wa pili wa bati hilo huku kwingine kunawaka, uone. Kwa hiyo muuzaji akikujibu swali la kwanza tu, mrudishe kwenye la pili. Mwambie: "Naomba EI."

Kwa ghala lako, ningeweka pamba ya mawe ukuta wote unaomtazama jirani, na paa pia walau pale linapokaribia ukuta huo, kwa sababu moto ukishatoka juu ya paa hautakumbuka kwamba ukuta ulikuwa mzuri. Pamba hiyo hutengenezwa kwa mawe ya volkano yaliyoyeyushwa, na yenyewe haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,000. Dakika ngapi, hilo atasema mhandisi wako na sheria ya ujenzi ya hapo ulipo, kwa kuangalia umbali wa jirani na wingi wa mzigo. Unene unakwenda na dakika: ukitaka EI 120 usitegemee paneli nyembamba.

Na ukipewa ripoti ya maabara, isome kwa kidole. Unene ni ule ule unaouziwa? Paneli zilisimamishwa wima au zililazwa? Umbali kati ya nguzo na nguzo ulikuwa upi? Skrubu gani, ngapi? Ripoti ya ukuta wa mita 3 haikuhusu kama wewe unaruka mita 6 bila nguzo. Nimeshaona ripoti nzuri kabisa, yenye mihuri yote, ya paneli ambayo haikuwepo kwenye lile jengo.

Fundi, mimi ni mfungaji. Paneli tunazofunga ni za pamba ya mawe, EI 60, vyeti vipo. Mkaguzi amekataa kazi yetu kwa sababu ya "maungio na matundu". Si paneli ndiyo inayozuia moto? Silikoni kidogo inaharibu nini?
*Mfungaji aliyekasirika*

Pole kaka, lakini mkaguzi wako namuunga mkono.

Nikiingia kukagua, katikati ya paneli sipotezi muda. Pale kiwanda kimeshafanya kazi yake. Naanza chini, paneli inapokalia sakafu. Nafungua bati la kona, napitisha kisu chembamba kwenye ule upenyo. Kikiteleza mpaka ndani bila kukutana na kitu, pako wazi. Kikikwama kwenye kitu laini cha manjano kinachokatika kama sponji, basi mtu amepulizia povu la kopo. Hilo povu la kawaida linaungua. Pale panatakiwa pamba ya mawe iliyoshindiliwa, kisha bati la chuma pande zote mbili.

Halafu natazama ribiti. Mafundi wanapenda ribiti za alumini kwa sababu zinaingia haraka na hazishiki kutu. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660. Rudi kwenye ratiba ya tanuru niliyompa mwenzako hapo juu: dakika ya 30 tulishapita 800. Kabla ya nusu ya muda ulioandikwa kwenye cheti, mabati ya kona yanakuwa yameanguka na maungio yako uchi. Tumia za chuma, au skrubu za chuma.

Maungio yenyewe, dume na jike, yakae mpaka mwisho. Bati likipata moto upande mmoja hutanuka na ukuta mzima hupinda kuuelekea moto. Kiungo kilichokuwa na upenyo wa milimita chache asubuhi kitafunguka zaidi wakati huo. Kama kiwanda kinataka skrubu ya kushonea kila umbali fulani kwenye kiungo, hiyo ni sehemu ya cheti. Ukiiruka umefunga paneli nyingine.

Matundu ndiyo yanayoniudhi zaidi. Ukuta umekamilika, unapendeza, kisha anakuja fundi umeme na msumeno wa tundu, anatoboa duara la kupita mkono ili apitishe waya mmoja, anaziba kwa silikoni nyeupe na kuondoka. Siku ya pili fundi bomba naye. Bomba la plastiki ni baya kuliko waya, kwa sababu linayeyuka na kuacha tundu la ukubwa wake wote. Linahitaji kola maalumu inayofura kwa joto na kulibana bomba mpaka lifungike. Nyaya zipite kwenye mfereji wa chuma, pembeni pashindiliwe pamba ya mawe, na pande zote mbili pamalizwe kwa mastiki inayofura, ile yenye ripoti yake ya kupimwa kwenye ukuta wa paneli. Silikoni ya bafuni iache bafuni.

Kitu kingine ambacho vijana hamfundishwi: angalieni nyuzi za pamba. Kwenye paneli nzuri zimesimama, zinatoka bati hili kwenda bati lile. Zikiwa zimelala sambamba na bati, paneli itachanika katikati kama mkate wa matabaka, hata bila moto. Inatosha kutazama ubavu wa paneli moja lori linapofika, kabla halijashushwa.

Na kateni kwa msumeno wa meno madogo au jigsoo. Grinda inachoma zinki na rangi, na cheche zake zikitua kwenye bati jirani zinaota kutu baada ya mvua ya kwanza. Vaeni barakoa na miwani. Pamba hiyo inawasha, mnajua wenyewe.

Nina mpango wa kujenga chumba baridi. Nimesoma kwamba pamba ya mawe ndiyo bora kwa moto, lakini wafungaji wote ninaowauliza wananishauri PIR. Wananipunja?
*Mama wa chumba baridi*

Hapana dada, hapo wana haki.

Baridi ina madai yake. Upitishaji joto wa PIR, kwa wati kwa mita kwa kila nyuzi, ni kama 0.022, wa pamba ya mawe kwenye paneli ni 0.040 na ushee. Maana yake, baridi unayoizuia kwa PIR ya milimita 100 utahitaji karibu milimita 200 za pamba kuizuia. Uzito nao: paneli ya PIR ya milimita 100 ni kilo 12 hivi kwa mita ya mraba, ya pamba ni 18 hadi 20. Kwa dari inayoning'inia hiyo ni tofauti kubwa. Tena pamba ikipitiwa na mvuke kupitia kiungo kilichofungwa vibaya, unageuka maji ndani yake, na kwenye chumba cha kugandisha unageuka barafu. Pamba iliyolowa ni mzigo tu.

PIR ikipata moto inaungua juujuu na kufanya gamba jeusi la mkaa linaloukinga moyo wake, ndiyo sababu inaishinda PUR, povu la yurethani, ndugu yake anayefanana naye rangi na sura. Lakini ni povu la plastiki bado. Moshi wake una kaboni monoksidi na sianidi ya hidrojeni, na watu hufa kwa moshi kabla mwali haujawafikia.

Kwa hiyo ningefanya hivi: kisanduku chenyewe cha baridi kiwe PIR, halafu kati yake na jengo lililobaki pawe na ukuta wa kuzuia moto, wa pamba ya mawe, wa tofali au wa zege, unaofika mpaka juu kabisa chini ya paa. Chaji ya foklifti isiwekwe kando ya paneli. Waya wa hita ya kuyeyushia barafu upite ndani ya mfereji, usiguse povu. Na muulize mfungaji dari inaning'inizwa na nini. Wengi hutumia boliti za nailoni zenye kichwa kama uyoga, kwa sababu hazipitishi baridi wala hazitoi jasho. Katika joto nailoni inalainika na dari inashuka kwa mkupuo. Taka vyuma vinavyobeba paneli kwa chini hata kama za nailoni zipo.

Welda wetu anasema akichomelea karibu na paneli anaweka ndoo ya maji, inatosha. Mimi ni msimamizi mpya, naogopa kumbishia maana ni mtu mzima.
*Msimamizi*

Mheshimu, na umbishie. Mwezi Aprili 2020 ghala lililokuwa likijengwa Icheon, Korea Kusini, liliungua na kuua watu 38. Uchunguzi ulielekeza kwenye cheche za kuchomelea zilizofikia povu la yurethani. Mji huo huo, Januari 2008, moto kwenye ghala la baridi ulikuwa umeshaua watu 40. Paneli na povu huwa hatari zaidi jengo likiwa bado halijakwisha: ncha za paneli ziko wazi, povu linaonekana, king'ora hakijawashwa, milango ya kutorokea imezibwa na vifaa.

Ndoo haimsaidii kitu cheche ikishaingia kwenye kiungo. Inaweza kukaa humo inafukuta, welda akaenda kula, moto ukatokea hakuna mtu. Andika kibali cha kazi ya moto kila siku, chenye sahihi yako. Ncha zote zilizo karibu zifunikwe kwa bati au blanketi la moto, mitungi ya kuzimia iwe mkononi, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine abaki pale saa 1 nzima baada ya kuchomelea kuisha. Zamani Marekani kanuni ya NFPA 51B ilisema nusu saa. Toleo la 2019 wakaipandisha hadi saa 1. Kama kitu kinaweza kufungwa kwa boliti badala ya kuchomelewa, kifungeni kwa boliti, na mzee wako atapumzika.

Je, nikipaka paneli zangu za EPS rangi ya kuzuia moto, nitakuwa salama?
*Anayetafuta njia ya mkato*

La. Rangi inayofura ina kazi yake kwenye nguzo na boriti za chuma, na huko nakuhimiza uitumie: chuma kikifika nyuzi 600 kinabakiwa na chini ya nusu ya nguvu zake, na ukuta wa EI 120 uliofungwa kwenye nguzo inayopinda baada ya dakika 20 utaanguka pamoja nayo. Lakini EPS iliyo nyuma ya bati la nusu milimita inataka nyuzi 100 tu ili ianze kulegea. Rangi itakupa muda mdogo mno, na hakuna atakayekuandikia cheti kwa ajili yake.

Wanangu wananiambia hizi paneli ndizo zilizoua watu kwenye ghorofa la London. Ni kweli? Ofisi yetu mpya imejengwa nazo.
*Mama mwenye hofu*

Shikamoo mama. Ni binamu zake. Grenfell Tower, iliyoungua tarehe 14 Juni 2017 na kuua watu 72, ilikuwa imevalishwa nje vibao vyembamba vya alumini vyenye polithini katikati, na nyuma yake kulikuwa na povu la kuzuia baridi. Polithini huyeyuka, hutiririka na kuwaka kama nta. Paneli za ofisi yenu ni nene, mabati yake ni ya chuma, na kilichomo ndani kinaweza kuwa kibaya au kizuri sana. Umwulize mwenye jengo ni nini. Akijikanyaga, mpe jibu linalofuata alisome.

Nimenunua jengo la zamani la paneli. Hakuna karatasi yoyote. Nitajuaje ndani kuna nini?
*Mmiliki mpya*

Tafuta mahali ambapo ubavu wa paneli umefichwa na bati la kona: pembeni mwa mlango, juu ya dirisha, kwenye pembe ya jengo. Zima umeme wa sehemu hiyo, fungua skrubu chache, usikate kitu. Utaona mojawapo ya haya. Chengachenga nyeupe za mviringo zinazotengana ukizichokonoa kwa kucha: EPS. Povu la rangi ya maziwa au manjano, lenye vinyweleo vidogo mno, linaloacha unga kidoleni: PUR au PIR. Nyuzi za kijivu au za kijani iliyofifia, zinazowasha ngozi: pamba ya mawe. Nyuzi za manjano nyepesi, laini zaidi: pamba ya kioo, ambayo haiungui lakini inalegea katika joto la chini sana kuliko ya mawe.

PUR na PIR huwezi kuzitofautisha kwa macho. Chukua kibonge, toka nje kabisa, mbali na jengo, simama upande upepo unakotoka, kishike kwa koleo na ukiwashe. PIR hufanya mkaa mgumu na kuzima ukiondoa mwali; PUR huelekea kuendelea kuwaka na kufuka moshi mwingi. Hiki ni kidokezo tu, usije ukanitaja mbele ya kampuni ya bima. Kama jibu lina uzito, peleka sampuli maabara.

Fungua sehemu zaidi ya moja. Majengo ya zamani hurekebishwa vipande vipande, na nimekuta pamba ya mawe mbele na EPS nyuma kwenye jengo lile lile, mabati yakiwa rangi moja.

Ukikuta EPS, huna haja ya kubomoa kesho. Ondoa kila kinachoweza kuwaka kilichoegemezwa ukutani, hamisha jiko, hita na chaji za betri, ziba ncha zote zilizo wazi kwa bati la chuma, na piga marufuku kuchomelea ndani. Kisha chora ramani ya jengo inayoonyesha paneli zipi zina nini, uwapelekee kikosi cha zimamoto cha eneo lako, na kwenye lango bandika kibao kinachosema hivyo hivyo. Kibao kikae nje, kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye gari.